Usikatae Wito, Kataa Neno: Kukubali na Kukataa Mwaliko kwa Kiingereza

Mazungumzo ya walimu wa kujitolea wa darasa la Kiingereza la Jumamosi, yaliyotolewa katika sherehe ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba



Tunashukuru kupewa nafasi hii. Tunajua kwamba jikoni pilau limeshaiva, na kwamba msemaji anayesimama kati ya watu na sahani zao hapendwi sana. Kwa hiyo tutazungumzia jambo moja tu, lile linalotuchukulia muda mwingi zaidi darasani: namna ya kuitikia mwaliko kwa Kiingereza, kwa mdomo, papo hapo. Kusema ndiyo ikaeleweka kuwa ni ndiyo, na kusema hapana bila kumuumiza aliyekualika.

Huenda mtu akauliza, siku ya Uhuru, mbona habari za mialiko? Basi tutazame ukumbi huu. Kila aliyekaa hapa alialikwa. Wengine kwa kadi, wengine kwa ujumbe wa WhatsApp, wengine kwa simu ya shangazi, ile simu isiyo na mlango wa kutokea. Wote mliitikia kwa Kiswahili, na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Tulijifunza tungali wadogo, tukiwa tumesimama pembeni tukimsikiliza mama akisema mlangoni, "Ahsante mwenzangu, tungekuja, ila leo baba watoto hajisikii vizuri." Lakini Jumatatu ukiwa kazini, mwenzako anakugeukia akisema, "We're going for a meal on Friday. Fancy coming?" Hapo una sekunde mbili za kujibu, na mama hayupo mlangoni.

Kosa lisilosahihishwa

Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita za kujua lugha, kuanzia A1 mpaka C2. Ndio mfumo unaotumika katika mitihani mingi ya Kiingereza ambayo wengi wenu mmeifanya au mnaisubiri. Katika mfumo huo, kualika na kujibu mwaliko kumewekwa katika ngazi ya A2, yaani ya pili kutoka chini. Kwa karatasi, ni jambo la wanaoanza. Lakini tunao wanafunzi wenye shahada, wanaosoma ripoti za kazi bila shida, ambao wakialikwa kunywa chai hugeuka mabubu.

Sababu ni kwamba hapa kosa haliko kwenye sarufi. Mwaka 1983 mtaalamu wa lugha Jenny Thomas aliandika juu ya jambo hili, na hoja yake imetusaidia sana. Alieleza kwamba mgeni akikosea sarufi, msikilizaji anaona kwamba huyu bado anajifunza lugha, na anamvumilia. Lakini mgeni akikosea namna ya kuomba, kushukuru au kukataa, msikilizaji haoni kosa la lugha. Anaona tabia mbaya. Na kadiri sarufi yako inavyokuwa nzuri, ndivyo kosa lile linavyozidi kuonekana la makusudi.

Tuwape mfano. Mama mmoja wa darasani kwetu anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Wenzake walimwalika mara tatu kwenda kula pamoja baada ya zamu. Mara zote tatu alijibu, "No, I can't." Sentensi hiyo haina kosa hata moja. Sababu alikuwa nayo: kila jioni lazima awahi kumpokea mtoto kabla mumewe hajaondoka kwenda zamu ya usiku. Hakuitaja, kwa kuwa aliona si adabu kuwachosha watu na mambo ya nyumbani kwake. Mara ya nne hawakumwalika. Yeye akaamini wanambagua. Wao wakaamini anajitenga. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Hatusemi ubaguzi haupo. Upo, na humu ndani hakuna asiyeujua. Ndiyo maana hatutaki kuubebesha mwingine ambao haupo. Na msidhani kilichopotea ni sahani ya chakula. Kwenye meza zile ndiko watu wanakosikia kwamba zamu nzuri inafunguliwa, kwamba kuna mafunzo yanakuja, kwamba fulani anaacha kazi na nafasi yake itatangazwa. Na kwa watoto wetu ni zaidi. Barua ya sherehe ya siku ya kuzaliwa ikirudi nyumbani kwenye begi la shule na isijibiwe, mara ya pili mzazi wa mwenzake anajiuliza kama aandike tena au aache.

Kuutambua mwaliko

Huwezi kujibu mwaliko ambao hukuutambua. Kwa hiyo darasani tunaanza na kusikiliza.

Tunauliza swali moja: je, una siku, una saa, una mahali? Mtu akisema, "We must have you round sometime," ametamka neno zuri la urafiki, kama sisi tunavyosema "karibuni nyumbani siku moja." Hajakualika bado. Ukimuuliza "Lini?" utamweka pagumu. Jibu lake ni "That would be lovely," basi. Lakini akisema, "Come round on Sunday, about four," huo ni mwaliko kamili, na anasubiri jibu.

Kuna mwaliko unaotanguliwa na hodi. "Are you doing anything on Saturday?" Wengi wetu tunalisikia kama uchunguzi wa mambo yetu, tunajibu "Yes, I'm busy," na mlango unafungwa kabla haujafunguliwa. Mwenzako alikuwa anapima kama kuna nafasi, asije akakualika ukalazimika kumkatalia. Kama bado hujui anataka nini, jibu, "I'm not sure yet. Why, what's happening?" Kwa jibu hilo hujajifunga, wala hujamfungia mlango.

Kuna mwaliko unaosikika kama lawama. "Why don't you come with us?" Mwenye Kiswahili kichwani anasikia "Kwa nini huji nasi?" na anaanza kujitetea. Maana yake ni "Si uje nasi?" Ni ukarimu, hauhitaji utetezi.

Kuna "Would you like to come?" na "Do you like coming?" Zote mbili tunaweza kuzitafsiri kwa "unapenda," na hapo ndipo tunapoteleza. Ya kwanza inakualika. Ya pili inauliza kama ni mazoea yako kufurahia kuja. Ukitaka kumwalika mtu, shika ya kwanza.

Halafu kuna saa. Mnajua wenyewe habari ya saa zetu. "At seven" ni saa moja ya jioni, na yupo mgeni aliyekwenda saa saba mchana akamkuta mwenyeji na ndoo ya kupigia deki. Hapa Uingereza wanasema pia "half seven." Maana yake ni saa moja na nusu. Na ukiwa kaskazini mwa Uingereza, ukialikwa kwa "tea," usile ukashiba nyumbani ukitegemea kikombe na biskuti. Kwa watu wengi wa huko, hicho ni chakula cha jioni chenyewe.

Kukubali

Kukubali ni rahisi, lakini kuna vipande vitatu, na tunawataka wanafunzi wavitamke vyote: shukrani, ndiyo, na kurudia siku na saa.

"Oh, that's kind of you. I'd love to. Saturday at seven, at your place?"

Kipande cha tatu ndicho kinachookoa watu. Kama ulisikia vibaya, utasahihishwa pale pale, si mlangoni pa mtu.

Ndiyo ya Kiingereza husemwa haraka. Ukinyamaza kidogo, ukavuta pumzi, ukasema "Yes… OK…" kwa sauti ya chini, mwenzako anasikia kwamba hutaki. Kwetu kusitasita kidogo kunaweza kuwa adabu: mtu anakaribishwa chakula, anasema "Hapana, endeleeni tu," anakaribishwa tena, anasema "Nimetoka kula sasa hivi," na mara ya tatu anavuta kiti. Mwenyeji wa huku mara nyingi huuliza mara moja. Ukisema "No, thank you" kwa heshima ya kwetu, sahani inaondoka na wewe unabaki na njaa yako na heshima yako.

Hesabu ya watu nayo ina kanuni. Nyumbani kadi ya harusi imeandikwa "Double" au "Single," na hata hivyo tunajua wanaofika ni wangapi. Huku mwaliko wa mdomo hauna maandishi hayo, lakini idadi imo ndani yake. Ukiambiwa "you," ni wewe. Mtoto mmoja akialikwa kwenye sherehe, wadogo zake hawajaalikwa, hata kama ni kawaida yetu watoto kutembea kama kifaranga na wenzake. Unaruhusiwa kuuliza kabla: "Would it be all right if I brought his little sister?" Kuuliza si aibu. Kufika nao bila kuuliza ndiko kunakomtoa mwenyeji jasho, kwani viti vyake na keki yake vimehesabiwa.

Malipo pia. Kwetu anayesema "Twende tukale" mara nyingi ndiye anayelipa. Huku "Shall we go for a meal?" kati ya wenzako wa kazini mara nyingi maana yake kila mtu anajilipia, au bili inagawanywa sawa. Usikubali kwa kudhani, halafu ukashikwa na jasho bili inapofika.

Na sasa tuseme neno juu ya "Inshallah" na "Nitajitahidi." Kwetu ni maneno yenye ngazi nyingi. Kwa sauti moja ni ndiyo ya mtu mnyenyekevu, kwa sauti nyingine ni hapana iliyofunikwa kanga, na sisi tunazitofautisha bila taabu. Ukiyatafsiri kuwa "I'll try," msikilizaji wa huku haoni ngazi hizo. Wengine watakuwekea sahani, wengine watakuondoa kwenye hesabu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kama unakwenda, sema unakwenda. Kama hujui, sema utajibu lini: "Can I let you know by Thursday?" Kisha Alhamisi ikifika, jibu kweli.

Kukataa

Hapa ndipo penye kazi, na tunajua kwa nini. Tumelelewa na methali isemayo usikatae wito, kataa neno. Mtu akikuita, nenda. Utakachoambiwa ukifika huko unaweza kukikataa, lakini wito wenyewe usiukatae. Mtu aliyelelewa hivyo, akibanwa kukataa kwa Kiingereza, hufanya moja kati ya mawili. Ama anakubali kila kitu halafu haendi, ama anarusha "No" kavu ili aibu iishe upesi. Yote mawili yanaharibu.

Hapana ya Kiingereza huenda polepole, na ina vipande vinne: shukrani, masikitiko, sababu fupi, na siku nyingine.

"Oh, thanks for asking. I'm afraid I can't make it on Friday, I've got to be home for my little boy. Could we do it another time?"

Angalieni: neno "no" halimo kabisa. Hata kwetu mama aliyesimama mlangoni hakutamka "hapana." Alisema "tungekuja, ila." Hiyo "ila" ndiyo hapana yenyewe. Kwa Kiingereza "ila" ni "but," na kabla yake huja "I'd love to." Ukisikia "I'd love to" ikapanda mwishoni na kubaki inaning'inia, jua "but" inakuja.

Maneno mawili huwasumbua wanafunzi. "I'm afraid" katika sentensi hii si kuogopa. Ni kusikitika kwa adabu. Mwanafunzi mmoja alituuliza, "Niseme naogopa, nimeogopa nini?" Na "make it" si kutengeneza, ni kuweza kufika. Tunawaambia wayashike yote kama kifungu kimoja, kama mtu anavyoshika "samahani" bila kuuliza imetoka wapi.

Sababu iwe fupi na iwe ya kweli. Si lazima usimulie ugonjwa wote wa nyumbani. "I'm working that night" inatosha. "We've got a family thing" inatosha. Na kama hutaki kabisa kueleza, "I've already got something on" ni kweli hata kama hilo "something" ni kulala. Ila "I'm busy" peke yake inabana kama mlango. Ongeza kipande cha mbele na cha nyuma.

Kipande cha nne, siku nyingine, kitumie tu kama unakitaka. Kama hupendi kwenda kabisa, ishia na "Have a lovely time, though." Ukisema "Next time!" kwa ajili ya kumfurahisha mtu, kuna siku atakuja na hiyo "next time" mkononi.

Kuna mtego mmoja wa Kiswahili ambao lazima tuutaje kwa jina, maana unawapata hata waliokaa huku miaka 20. Mtu anakuuliza kwa kukanusha: "So you're not coming?" Kiswahili kinajibu ukweli wa sentensi: "Ndiyo, siji." Kwa hiyo tunasema "Yes." Kwa Kiingereza "Yes" hapo maana yake ninakuja. Mtu anakuwekea kiti, wewe uko nyumbani na dhamiri safi. Dawa yake ni kutoishia kwenye neno moja. Sema sentensi nzima: "No, I'm not coming. Sorry."

Na kama ulikubali, halafu dharura ikatokea, toa habari mapema, hata kama unaona haya. Kwetu mgeni mmoja asipofika, wali huliwa na jirani. Huku mwenyeji anaweza kuwa amenunua vipande sita vya samaki kwa watu sita.

Turudi kwenye methali. Wapo kati yetu wasiokunywa pombe, kwa dini, kwa afya au kwa hiari yao, na wakisikia wenzao wanakwenda baa hukataa safari nzima. Hiyo ni haki yao, na asiyetaka kuingia mahali hapo asishurutishwe. Lakini kama tatizo lako ni kinywaji tu na si mahali, wahenga wamekwisha kukufungulia njia. Itikia wito, kataa neno. Nenda, kaa nusu saa, na ukiulizwa unakunywa nini, jibu, "Just an orange juice for me, thanks." Vivyo hivyo kwa chakula: mwambie mwenyeji mapema, si mezani. "I'd love to come. I should say, we don't eat pork." Wenyeji wengi hushukuru kuambiwa mapema.

Kusikia hapana ya wenzetu

Sisi nasi ni waalikaji wakubwa, na hapa kuna somo la upande wa pili.

Kwanza, "Karibu" haitafsiriki kwa "Welcome." Ukimwambia jirani "You are welcome to my house," atafurahi, atashukuru, na hatakuja kamwe, kwa sababu hukumpa siku. Mpe siku na saa.

Pili, jifunze kusikia hapana isiyo na "no." Umemkaribisha fundi chai, anasema "I'm all right, thanks." Hakuelezi hali yake. Amekataa chai. "I'm fine" na "I'm good" ni hivyo hivyo. Mzee wetu mmoja alisikia "I'm all right," akafurahi kwamba mgeni ni mzima, akamimina kikombe.

Tatu, msisukume. Kwetu mwenyeji asiyesisitiza anaonekana mchoyo. "Njoo bwana! Kidogo tu! Utanikasirisha!" Huku mtu akishasema "I'd love to, but," uliza siku nyingine mara moja, kisha mwache. Ukiuliza mara tatu, ataona unamlazimisha aseme kwa ukavu kile alichokuwa anakufichia kwa adabu.

Namna ya kufanya mazoezi nyumbani

Haya yote hayaingii kwa kusikiliza hotuba. Yanaingia kwa mdomo. Darasani tunatumia njia tatu, na zote zinaweza kufanyika sebuleni.

Ya kwanza ni kadi. Kata karatasi, kila moja iandikwe mwaliko: harusi, kahawa, mechi ya mpira, sherehe ya mtoto, chakula baada ya kazi. Nyuma yake andika "unataka" au "hutaki." Mmoja anaalika, mwingine anajibu, na wengine wanakisia nyuma ya kadi kumeandikwa nini. Wakishindwa kukisia, jibu halikueleweka, lirudiwe.

Ya pili ni kukaa mgongo kwa mgongo. Wawili wanaalikana bila kuonana uso, kama kwenye simu. Tunategemea sana tabasamu na mikono kulainisha maneno makavu. Kwenye simu mikono haionekani, kwa hiyo ulaini lazima ukae kwenye sauti na kwenye maneno yenyewe.

Ya tatu ni kujirekodi kwa simu. Sema "I'd love to" kama ndiyo, kisha ukiseme kama mwanzo wa hapana. Sikiliza tofauti. Dakika chache kila jioni zinaweza kusaidia kumtoa mtu kwenye ububu.

Yule mama wa kazi ya kuhudumia wazee alifanya mazoezi haya. Hakusubiri kualikwa mara ya tano. Aliwaendea wenzake akasema, kwa vipande vyote vinne, kwamba jioni hawezi kwa sababu ya mtoto, lakini mchana wa siku yake ya mapumziko anaweza, na kama wangependa, Jumamosi saa sita na nusu aje nani aonje samaki wa nazi. Wawili walikuja. Hatuwezi kusema kazini kote sasa ni udugu mtupu. Lakini wawili walikuja, na mmoja alimwambia kwamba walikuwa wakidhani hawapendi.

Kwenu watoto

Mwisho, tunazungumza na ninyi watoto mliozaliwa huku au mliokuja mkiwa wadogo. Kiingereza mnatushinda. Ndiyo maana nyumba nyingine mtoto wa miaka tisa ndiye anayepokea simu na kumkatalia mwalimu au jirani kwa niaba ya mama. Wazazi, tuwaondolee mzigo huo. Mtoto anaweza kumsaidia mama kufanya mazoezi, lakini jibu la nyumba litoke kwa mwenye nyumba.

Nanyi watoto, mna deni lenu la upande wa Kiswahili. Shangazi akikukaribisha ugali, usijibu "Hapana, sitaki." Kwa Kiingereza mmefundishwa "No, thank you," na mnadhani mmeitafsiri sawa. Mkisema hivyo kwa Kiswahili, shangazi anasikia kofi. Semeni, "Ahsante shangazi, nimeshiba." Mkipita watu wanakula wakasema "Karibu," jibuni "Ahsante, endeleeni," au kama wanavyosema watu wa pwani, "Starehe." Na babu akipiga simu kutoka Tanga au Ujiji akisema njooni mwezi wa saba, msimjibu "Sijui." Mwambieni, "Tungependa sana babu, ngoja tuzungumze na mama." Jibu lenyewe ni lile lile, ila hili la pili litamfanya babu alale vizuri.

Ndugu zetu, tarehe 9 Desemba 1961 nchi yetu ilipata haki ya kujisemea yenyewe mbele ya mataifa, kukubali na kukataa kwa mdomo wake. Sisi tulioko ugenini tunahitaji haki hiyo katika mambo madogo ya kila siku: mlangoni kwa jirani, kazini wakati wa mapumziko, kwenye geti la shule. Mtu anayesema ndiyo kwa kuwa hajui kusema hapana hajakubali. Na anayesema hapana kwa kuwa hana maneno ya ndiyo hajakataa; amepitwa.

Darasa letu liko kila Jumamosi asubuhi, halina ada, na chai ipo. Huo ni mwaliko kamili: una siku, una saa, una mahali, hapa hapa ukumbini, saa nne. Mkikubali, rudieni siku na saa. Mkikataa, tunategemea vipande vyote vinne.

 Heri ya Uhuru, na karibuni chakula.